Ugali wa watu thelathini juu ya mtungi wa kilo 6: kisa cha jiko moja Bagamoyo

Si mbali na jengo la zamani la forodha, pale Bagamoyo ambapo mashua huteremsha samaki, kuna banda la mama lishe linalolisha wavuvi, wapaa samaki, wachuuzi wa dagaa na vijana wa bodaboda. Banda lina majiko mawili. La kwanza ni mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao kichomeo chake kimefungwa juu ya mtungi wenyewe, na juu ya kichomeo kuna vyuma vya kuwekea sufuria. Uliletwa na mradi mmoja wa nishati safi uliokigawia mitungi kikundi chao cha kuweka na kukopa. La pili ni jiko la mkaa. Chai, mchuzi na mchicha hupikwa kwa gesi. Ugali hupikwa kwa mkaa, na ugali ndio unaokula moto mwingi kuliko vyote. Hata hivyo, katika orodha ya mradi, banda hili limehesabiwa kuwa limeachana na mkaa.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu lengo la mtungi ule nalitaka lifanikiwe. Moshi wa jikoni unaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote, na wanaokaa karibu na moto kwa saa nyingi ni kina mama na watoto wanaowazunguka. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Nia ipo na fedha zimeahidiwa. Lakini atakayeamua kama mkaa unaachwa au hauachwi ni mama huyu, saa tano ya asubuhi, akiwa na sufuria ya unga mbele yake. Na kinachomwamulia ni vitu ambavyo havitajwi mikutanoni: upana wa vyuma vya kuwekea sufuria, kimo cha kichomeo, kitako cha mtungi.

Kazi ya mwiko

Anayepika ugali wa watu wanne nyumbani hana ugomvi na mtungi huu. Sufuria ni ndogo, mwiko ni mfupi, mkono mmoja unashika na mwingine unasonga. Ugali wa watu thelathini ni kazi ya aina nyingine.

Maji yakishachemka, mama anakoroga uji kwanza, mwepesi, anauacha utokote. Hapo hata mtungi unavumilia. Kisha unga unaanza kuingia, bakuli baada ya bakuli, na kila bakuli likiingia mwiko unakuwa mzito. Mwiko wake una urefu wa kutoka vidoleni hadi begani. Anauzamisha hadi chini, anaukandamiza ugali kwenye ubavu wa sufuria, anauvuta kwake, anaugeuza. Dakika za mwisho hasongi kwa mikono tena. Anasonga kwa mgongo na miguu, mguu mmoja ukiwa mbele, uzito wote wa mwili ukishukia kwenye mpini. Msichana anayemsaidia ameishika sufuria kwa matambara mawili upande wa pili, naye ameegemea nyuma ili isivutwe ikamtoka.

Kwenye jiko la mkaa, mdomo wa sufuria uko juu kidogo ya goti lake. Nguvu inashuka, ardhi inaipokea, kama ilivyokuwa kwenye mafiga. Kwenye mtungi, sufuria inaanzia pale mtungi unapoishia, na mdomo wake unafika tumboni. Mpini wa mwiko unapanda hadi mabegani. Hapo mtu hawezi tena kuuegemea mwiko. Anaweza kuusukuma kwa ubavu tu, na msukumo wa ubavu ndio hasa unaoangusha kitu kirefu chenye kitako chembamba.

Nilipomuuliza kwa nini ugali haupandi kwenye gesi, alinijibu bila kuacha kuosha mchele:

"Mwanangu, nikisonga ugali na mtungi nao unasongeka. Uji ule ukinimwagikia mapajani, nani ataniuguza? Na hao wavuvi watakula wapi?"

Tuliona jibu hilo linapimika, tukalipima. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki wa jirani. Tukafunga gesi, tukajaza sufuria maji baridi badala ya uji, tukafunga kamba kwenye mdomo wa sufuria, tukaivuta kwa ubavu kupitia ndoano ya mizani. Mshale ulipokaribia kilo 6, kitako cha mtungi kilianza kuinuka upande mmoja. Kisha tukaihamishia ndoano kwenye mpini wa mwiko uliozama ndani ya ugali wa kwenye mkaa, uliokuwa umekaribia kuiva. Mwiko ulianza kusogea mshale ukiwa umeshapita kilo 10. Kwa hiyo nguvu inayohitajika kuusonga ugali ule inazidi nguvu inayotosha kuuangusha mtungi, tena kwa mbali. Mama alikuwa amekwisha kulijua hilo kwa mikono yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nguvu ya kilo 5 ikisukuma kwa ubavu kwenye kimo cha sentimita 60 ina uwezo wa kuangusha sawasawa na nguvu ya kilo 30 kwenye kimo cha sentimita 10. Kinachoizuia ni uzito wa vyote vilivyosimama pale, kuzidisha umbali kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni. Mtungi mdogo una kimo kirefu na kitako kifupi, kwa hiyo unapoteza pande zote mbili. Na kuna jambo ambalo halionekani siku unapokabidhiwa mtungi ukiwa umejaa: kila gesi inapopungua, uzito wa chini unapungua, na sufuria ya juu inabaki na uzito wake. Jiko hili linazidi kuyumba kadiri linavyotumika.

Upepo, joto na kishimo cha mchanga

Sufuria kubwa juu ya mtungi ina hatari ya pili, ambayo mama hakuitaja kwa kuwa haionekani. Kitako cha sufuria ile ni kipana kuliko mtungi ulio chini yake. Moto ukikigonga unatambaa pembeni, na sehemu ya joto inarudi chini, kwenye valvu na mabega ya mtungi. Kwa birika la chai si neno. Kwa sufuria pana inayokaa motoni saa nzima, chuma cha mtungi nacho kinaota moto. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika, na joto likipanda, mgandamizo ndani ya mtungi unapanda pia.

Kisha kuna kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo unatoka baharini na kuingia bandani bila kizuizi. Moto wa gesi unalala upande mmoja, sufuria inachelewa kuchemka, gesi inakwenda bure. Mama alifanya ambacho mpishi yeyote hufanya kwenye mkaa: akauzungushia mtungi bati. Kwenye jiko la mkaa bati ni kinga nzuri. Kwenye mtungi linafungia joto palepale penye valvu. Tuliliondoa siku hiyohiyo, na kama unasoma hapa na nyumbani kwenu kuna mtungi uliozungushiwa bati au ubao, tafadhali kautoe kabla ya kuendelea kusoma.

Jirani yake wa banda la pili alikuwa na ufumbuzi mwingine. Alichimba kishimo mchangani akauzika mtungi hadi nusu, ukatulia kabisa. Kwa kuzuia kuanguka, ni wazo zuri. Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai kwenda zake, inashuka na kutuama mahali pa chini, na kishimo ndipo mahali pa chini kuliko pote. Ile harufu kali ambayo huongezwa makusudi ili mtu atambue uvujaji, nayo inatuama hukohuko chini, mbali na pua.

Bati na kishimo vinanionyesha kitu kimoja. Kina mama hawa walitatua matatizo halisi kwa ujuzi waliouokota kwenye kuni, vifuu na mkaa kwa miaka mingi, na ujuzi huo ulikuwa sahihi kwa moto walioujua. Kifaa kipya kilihitaji ujuzi mwingine na hakikuwaambia. Juu ya mtungi kulikuwa na stika ya kampuni na uzito wa gesi. Hapakuwa na mchoro hata mmoja wa sufuria kubwa kiasi gani inaruhusiwa, wala wa bati lisiwekwe wapi.

Maji hayana mwiko

Kipeperushi cha mradi kilieleza dakika za kuchemsha maji, kiasi cha moshi uliopungua na mkaa utakaookolewa. Sina sababu ya kuvitilia shaka. Swali langu ni kazi gani ilitumika kupima.

Upimaji wa majiko duniani umejengwa kwa muda mrefu juu ya kuchemsha maji. Miaka ya 1980 shirika la Marekani la VITA lilisambaza utaratibu uliokuja kutumika nchi nyingi, na matoleo yake ya baadaye yana hatua tatu: kuchemsha maji jiko likiwa baridi, kuchemsha tena likiwa la moto, kisha kuyaacha yachemke taratibu kwa dakika 45. Mantiki yake ni njema. Maji ni yaleyale kila mahali, kwa hiyo jiko la Guatemala linaweza kulinganishwa na la India. Mwaka 2018 kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 19867-1, kinachopima pia moshi, usalama na uimara. Ila maji hayasongwi. Jiko linaweza kutoka maabara na alama nzuri za ufanisi bila mtu yeyote kuliegemea na mwiko hata mara moja.

Na jikoni ndiko alama hizo hupotelea. Utafiti unaojulikana sana wa Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone ulifuatilia kaya za Odisha, India, kwa miaka minne baada ya kupewa majiko yaliyoboreshwa. Mwaka wa kwanza moshi waliouvuta wapishi ulipungua. Baada ya hapo nafuu ikatoweka, kwa kuwa majiko hayakutumika mfululizo wala kutunzwa. Maabara ilikuwa imesema kweli kuhusu jiko. Haikuwa imesema lolote kuhusu jikoni.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri tunao karibu. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo hata huku kwetu halihitaji kuelezwa, lina asili ya jiko la ndoo la Thailand. Halikuchukuliwa lilivyo. Lilipewa kiuno, mdomo mpana juu na kitako kipana chini, na udongo wa ndani ukabaki sehemu ya juu tu. Likafyatuliwa na mafundi wa bati waliokuwa wakitengeneza majiko ya mkaa tangu zamani, wakiwauzia watu wanaosonga ugali kila siku na wasioona haya kurudisha jiko baya. Kitako kile kipana kinastahimili mwiko.

Swali lililoulizwa

Mradi ulirudi Bagamoyo kufuatilia, na hilo ni la kusifiwa, maana wengine hawarudi. Kijana mmoja mwenye tableti alipita banda kwa banda akiuliza: "Je, unatumia jiko la gesi?" Mama akajibu ndiyo. Ni kweli, chai ya asubuhi ilikuwa juu yake. Akaulizwa kama limemsaidia. Ndiyo. Kama angependa mwenzake naye apate. Ndiyo, sana. Banda likaingia kwenye hesabu ya mafanikio, huku gunia la mkaa likiwa nyuma ya pazia la kanga.

Hakudanganya, wala kijana hakudanganya. Kwetu mtu akikuletea zawadi humhesabii kasoro zake, tena mbele za watu. Unashukuru. Anayetaka kujua kasoro hana budi kuuliza kitu ambacho hakigusi shukrani. "Jana ugali ulipikwa kwa moto upi?" "Juma hili umenunua mkaa kiasi gani?" Maswali hayo mawili yangetosha kuonyesha kwamba moto umegawanywa: mwepesi kwa gesi, mzito kwa mkaa. Na kuna lililo bora kuliko kuuliza, nalo ni kukaa. Kukaa pale tangu unga unapochekechwa hadi sahani zinapooshwa, kutazama mikono inashika nini, miguu inasimama wapi, nani anaitwa kusaidia na kwa nini. Kiwango cha ISO 9241-210, kilichotolewa 2010 na kurekebishwa 2019, kinaweka kuelewa mazingira ya matumizi mwanzoni mwa usanifu wote. Kiliandikwa kwa ajili ya vifaa vya kompyuta, lakini sioni kwa nini mtungi wa gesi ustahili uangalifu mdogo kuliko skrini ya simu. Mtungi unabeba uji wa moto.

Fundi, mpira na ringi

Kikundi kilimwita fundi wa kuchomelea wa mjini. Wazo lake la kwanza lilikuwa fremu ya nondo inayouzunguka mtungi na kubeba sufuria juu yake, ili uzito usiuelemee. Wazo hilo linaondoa kuanguka, lakini mdomo wa sufuria unabaki tumboni na joto linabaki juu ya valvu. Mama alisimama mbele ya mchoro uliochorwa mchangani, akainua mwiko wake, akausonga hewani.

"Fundi, hapa mkono umeshachoka kabla unga haujaingia. Ishushe."

Kuishusha maana yake ni kukitenga kichomeo na mtungi. Hapo kazi ikabadilika sura. Palihitajika regulita (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi inapotoka mtungini), mpira wa gesi ulioidhinishwa, na kichomeo kipana cha chuma kinachokaa chini. Kwa kitako fundi alileta ringi kuukuu ya gari, nzito na pana, akaichomelea miguu mitatu ya nondo ya milimita 12 iliyotanuka hadi karibu sentimita 60. Miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa ya mchanga, jambo ambalo mafiga yalitufundisha. Juu akaweka duara la chuma lenye vinundu vitatu vya kuzuia sufuria isizunguke.

Vishikio vya sufuria ndivyo vilivyochukua muda, na napenda kuvieleza kwa sababu vinaonyesha usanifu unavyokwenda mpishi akiwa na sauti. Fundi alitaka kuchomelea ndoano mbili zinazoukamata mdomo wa sufuria, ili msichana msaidizi asishike tena kwa matambara. Mama alikataa mambo mawili. La kwanza, hana sufuria moja. Siku ya wateja wachache anatumia ndogo, na ndoano zisizosogea zingeifanya isitumike. La pili, ugali ukianza kushika ukoko, sufuria lazima iondoke motoni mara moja, bila kufungua kitu chochote kigumu kwa mikono yenye unga. Fundi akaondoka, akarudi na ndoano zenye bawaba, zinazoteleza kwenye bomba fupi kufuata upana wa sufuria na kuangukia nje zikipigwa kwa ncha ya mwiko. Mama alizipiga mara kadhaa, zikaanguka. Msichana sasa anaosha vyombo wakati ugali unasongwa.

Bati la kuzuia kaskazi nalo likapata mahali pake. Limefungwa kwenye fremu, pande tatu, likikinga moto tu. Mtungi uko nje ya ukuta wa banda, kivulini, umesimama wima, zaidi ya mita moja kutoka kwenye moto, upande ambao upepo unatokea, na hakuna kinachouzunguka.

Tulirudia kipimo cha mizani kwa sufuria ileile na maji yaleyale. Mshale ulifika kilo 25, mwisho wa mizani, na hakuna mguu ulioinuka.

Ugali wa kwanza uliiva, ila katikati ukashika ukoko mzito, maana moto wa kichomeo kile umekusanyika mahali pamoja wakati mkaa unasambaa. Mama ameanza kupunguza moto mara tu bakuli la pili la unga linapoingia, na ukoko umepungua. Kichomeo chenye duara mbili kingelimaliza jambo hili, nacho kipo kwenye orodha ya vinavyotafutwa.

Imebaki kiasi gani

Hata jiko likisimama imara, kuna swali ambalo mkaa hauna: imebaki kiasi gani? Mkaa unauona. Ukiwa na hela ya kopo unanunua kopo, na likiisha unamtuma mtoto. Gesi inaisha katikati ya uji wavuvi wakiwa wameshakaa, na kujaza mtungi kunataka fedha yote kwa pamoja. Kwa anayezungusha mtaji wa siku hiyohiyo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuweka gunia la mkaa nyuma ya pazia.

Wengi huutikisa mtungi wakasikiliza. Wengine humwagia maji ya moto ubavuni na kupapasa mahali chuma kinapogeuka baridi, kwa kuwa penye kimiminika pananyonya joto. Njia hiyo ina ukweli, lakini ni ya kubahatisha. Geji ya mgandamizo nayo haisaidii, na inafaa ijulikane kwa nini: maadamu kuna kimiminika ndani, mvuke ulio juu yake hubaki na mgandamizo uleule kwa joto lilelile, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Ndiyo maana moto unawaka vizuri hadi mwisho kisha unafifia ghafla.

Kinachosema kweli ni uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha mtungi wenyewe. Ukiupima mtungi na kuutoa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Na mahali hapa ni soko la samaki, hapakosi mizani! Sasa kila jioni, baada ya kufunga valvu na kutoa regulita, mtungi unaning'inizwa kwenye mizani ya jirani, na msichana anaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni kilo zilizobaki. Baada ya muda mama alijua kwamba banda lake linakula karibu kilo moja kwa siku, kwa hiyo kilo mbili zikibaki anaanza kutenga fedha. Mizani ya samaki haisomi gramu, lakini hahitaji gramu. Anahitaji kujua kama kesho atapika.

Tatizo la kulipa kwa mkupuo halijamalizwa na chaki. Njia ya kulipia kidogokidogo ipo. Dar es Salaam kampuni ya KopaGas ilitengeneza mita inayofungwa kwenye mtungi, mteja akalipa kwa simu kadiri anavyotumia, na teknolojia hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas mwaka 2020 kwa dola milioni 25. Kwa mama lishe wa Bagamoyo, malipo ya namna hiyo yana thamani sawa na fremu ya fundi, kwa kuwa yanaifanya gesi inunulike kama mkaa unavyonunulika.

Barua ya kikundi

Kikundi kiliandikia mradi barua. Hawakulalamika, walitoa vipimo. Mdomo wa sufuria usizidi kimo cha goti na shubiri moja juu yake. Miguu itanuke sentimita 60. Mtungi utengwe na moto kwa mpira. Kila mtungi uje na mchoro wa bati linapotakiwa na lisipotakiwa kuwekwa, na uzito wa mtungi mtupu uandikwe kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mtu aliyesimama. Kwenye maonyesho, badala ya kuchemsha maji, mtaalamu asonge ugali wa sufuria nzima mbele ya wanaogawiwa mitungi.

Mradi umekubali kuleta sampuli za majiko ya chini kabla ya mgao unaofuata, zijaribiwe palepale sokoni. Gharama ya fremu bado haijapata mlipaji, na kina mama wawili wameanza kuchangishana ili fundi atengeneze ya pili. Lililobaki ni mpira. Unachakaa, unapasuka kwa jua na chumvi ya bahari, na mtungi wa zamani haukuwa nao, kwa hiyo hakuna aliyezoea kuukagua. Kikundi kimechagua wanachama wawili watakaopita kila mwezi na povu la sabuni, walipake kwenye viungio vyote, na popote linapotoa mapovu jiko linafungwa hadi fundi afike.